Debe la Bi Manolia

Sauti inayonitoa jasho mpaka leo, na umri huu nilionao, ni ya debe likiburuzwa chini. Si ndoo ya plastiki, hiyo haina sauti. Nasema debe la bati, lile la mafuta ya taa lenye pembe nne. Juzi jirani yangu hapa Kisauni alikuwa akihamisha mpilipili wake kutoka kivulini kwenda juani. Akalivuta debe juu ya saruji, nami niliyekuwa nimekaa barazani nikichambua mchicha nikajikuta nimesimama wima, kisu mkononi. Akaniuliza, Bi Mishi una nini. Nikamwambia mguu umekufa ganzi. Haukuwa mguu. Ninyi nitawaambia ilikuwa nini, maana wengi waliokuwako wamekwenda, na waliobaki hawana nguvu tena za kukasirika.

Tulikuwa tukikaa Likoni, ndani kidogo, pale mchanga mweupe unapokwisha na udongo mwekundu unapoanza. Nyumba ilikuwa yetu, ya fito na udongo na makuti, aliyoijenga Baba kwa mkono wake kabla sijazaliwa. Ardhi haikuwa yetu. Ardhi ilikuwa ya Mwinyi, tajiri wa ukoo wa zamani aliyekaa ng'ambo, mjini, ambaye sikumwona hata siku moja. Tulijua yu hai kwa sababu msimamizi wake alikuja kila mwezi kuikagua. Masharti yake yalikuwa mafupi, hata sisi watoto tukiyajua kabla ya kujua kusoma. Kaa, jenga, lima mahindi na muhogo na kunde, vitu vinavyovunwa vikaisha. Mti usipande. Mti hukaa miaka, na mwenye mti anaweza kwenda kwa kadhi akawa na la kusema. Ukimwachia mtu apande mnazi leo, kesho mwanawe atasema hapa ni petu.

Adhabu ya kupanda niliiona kwa macho yangu. Nilikuwa na miaka sita hivi pale jirani yetu, Mzee Hamisi, alipochomeka miche minne ya minazi nyuma ya jiko lake, akaifunika makuti makavu. Msimamizi akaiona. Mzee Hamisi na watu wake hawakupigwa wala hawakutukanwa. Walipewa siku saba. Siku ya saba waliteremsha makuti, wakang'oa boriti na fito, na mlango wao wakaubeba watu wawili kichwani, mmoja mbele mmoja nyuma, kwa kuwa mlango ni wa mtu hata kama ardhi si yake. Rehema, binti yao, niliyekuwa nikicheza naye kila siku, alipita mbele ya nyumba yetu amebeba taa ya chemni, asinitazame. Nikasikia wamekwenda Changamwe. Mahali pao palibaki sakafu ya udongo, na mvua ilipokuja ikaota majani. Nilikuwa nikizunguka njia ya mbali ili nisipite pale.

Sasa nimlete Baba. Jina lake Omari, mtu mrefu, mpole, mwenye vidole visivyotakata hata kwa sabuni ya kufulia. Kazi yake ilikuwa kutunza bustani ya mama mmoja wa Kizungu aliyekaa juu ya jabali, karibu na mlango wa bandari. Miaka ishirini Baba aliinamia bustani ile. Akirudi jioni hakutuhadithia habari za yule memsahibu, wala chakula chao, wala mbwa wao, mambo tuliyoyataka sisi. Alituhadithia habari za mti mmoja. Memsahibu aliuleta kwa meli ungali mche, na haukuwa wa Afrika kabisa. Majani yake yalikuwa mazito, juu yaking'aa kijani, chini yana manyoya laini ya rangi ya kutu. Ua lake lilikuwa jeupe, pana kama sahani ya wali, na harufu yake ilikuwa ya limau iliyokatwa. Na jambo lililomshangaza Baba zaidi ni kwamba haukuvua majani yake. Kiangazi, masika, kipupwe, wenyewe ulibaki umevaa vilevile. Jina lake la Kizungu lilimshinda, akauita manolia.

Memsahibu alipoanza kusema atauza nyumba arudi kwao, Baba alimwomba ruhusa ya kuchukua tawi moja. Akaruhusiwa. Hakulikata kwanza. Alilichuna ganda mahali pamoja, akalizungushia udongo na gunia lililolowa, akalifunga kamba likiwa bado juu ya mti, akalinywesha maji kila siku kwa miezi. Mizizi ilipochomoza kwenye gunia ndipo akalikata, akalileta nyumbani juu ya baiskeli, amelifunga khanga kuukuu ya Mama kana kwamba analeta mgonjwa. Mimi nilikuwa na miaka saba. Mama alitoka jikoni akaukodolea macho ule mche, akauliza kama unaliwa. Hauliwi. Akauliza kama ni dawa. Si dawa. "Basi ni mke mwenzangu," akasema, akarudi jikoni. Tangu siku hiyo mti ukawa Bi Manolia. Baba akichelewa kula kwa kuumwagilia, Mama angesema tusubiri, bwana yuko zamu ya mke mdogo.

Baba alijua masharti, kwa hiyo hakuuchimbia shimo. Aliutia katika debe alilolitoboa chini kwa msumari, akalijaza udongo mweusi, majani yaliyooza na machicha ya kahawa aliyoyaomba kwa muuza kahawa pale kivukoni. Debe akaliweka uani, upande wa kisima, juu ya ardhi tupu. Kila aliyepita akaambiwa kwamba huo si mti, ni ua la debeni.

Msimamizi alipokuja mwezi ule alisimama mbele ya debe. Nimwite Bwana Athmani. Alikuwa mtu wa mjini, mwenye kanzu isiyo na doa na bakora ya mpingo, na hakuwa mtu wa makelele. Mimi nisingemwogopa sana kama angepiga kelele. Aliisimamisha bakora yake kando ya mche kuupima, na ncha ya mche ilifika kwenye kitanzi cha fedha cha bakora. Akauliza, "Nini hichi, Omari?" Baba akajibu kwamba ni ua la kizungu. "Apa." Baba akaapa, wallahi, kwamba hajapanda mti katika ardhi ya Mwinyi. Bwana Athmani akatikisa kichwa taratibu, akasema maneno ambayo nikiyakumbuka nayasikia kwa sauti yake: "Likiwa debeni, ni lako. Mzizi ukigusa nchi, ni wa Mwinyi, na wewe si mtu wa hapa tena."

Alipokwisha kwenda, Baba aliniita. Nikaitika abee, nikaenda. Alichovya kidole katika kijaluba cha Mama, kwenye chokaa ya tambuu, akapiga nukta nyeupe upande mmoja wa debe. Akaniambia kwamba mizizi hutafuta njia ya kutoka kupitia vile vitundu vya chini, na debe likizungushwa hukatika kabla haijashika ardhi. Kila Ijumaa, akishakwenda msikitini, mimi nilizungushe robo. Ijumaa moja nukta itazame mlango, ya pili itazame kisima, ya tatu jiko, ya nne njia, kisha nianze tena. Nami nilikuwa na nguvu za kutosha, kwa sababu mche ulikuwa bado mwepesi. Akamalizia kwa kusema, "Kazi hii ni yako, Mishi. Mimi debe sitaligusa, wala nisiulizwe." Nilijiona mkubwa siku hiyo. Katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kupewa kitu chenye uzito ule.

Mwanzoni niliifanya vizuri. Nilikuwa naketi chini, naweka nyayo zangu mbili kwenye ubavu wa debe, nasukuma. Lilikuwa likikwaruza, kisha chini yake kitu kikisema tak, tak, tak, kidogo kidogo. Nikilala kifudifudi kutazama, naona nyuzi nyeupe zimekatika, zina maji. Siku moja mbili baadaye jani moja lingegeuka manjano likaanguka. Baba aliokota lile jani, akaligeuza upande wa kutu, akalitia mfukoni. Mche haukuwa ukikua. Mwaka mzima ulikaa palepale kwenye kitanzi cha bakora. Bwana Athmani akaupima kila mwezi na kuondoka ameridhika.

Kisha ikaja Ijumaa moja ya kiangazi ambayo debe lilikataa. Nilisukuma, halikwenda. Nikasukuma kwa nguvu zote, kikakatika kitu kinene, na mche wote ukatetemeka kutoka chini hadi juu. Nikaacha nusu ya njia. Kesho yake yalianguka majani matano, na Baba aliyaokota yote matano. Ijumaa iliyofuata nilikaa mbele ya debe mpaka nikasikia watu wanarudi msikitini, na sikuligusa. Sitawaficha kitu: nusu ilikuwa huruma, nusu ilikuwa uvivu, na huruma ndiyo niliyojisemea. Lakini nukta ilikuwa ikitazama mahali pasipo pake. Nikachukua kitambaa chenye maji, nikaifuta, nikachota chokaa ya Mama kwa ncha ya kidole, nikapiga nukta mpya upande uliotakiwa.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuwa mwongo wa Ijumaa. Nilihamisha nukta, debe likabaki. Chokaa ya tambuu haifutiki vizuri, huacha ukungu, na baada ya miezi michache debe lilikuwa na doa la ukungu kila upande. Mama alilalamika kwamba chokaa yake inakwisha haraka, akaapa kwamba Bi Manolia ameanza kutafuna tambuu. Baba alicheka. Nami nikacheka pamoja naye.

Na mti ukaanza kupanda. Wenzangu, sijui niwaambieje jinsi ulivyopanda. Uliipita bakora, ukanipita mimi, ukampita Mama. Majani yalitoka mawili mawili, mapana, yakiwaka kwa jua. Baba akasifu machicha ya kahawa mbele ya kila mtu, na watu wawili watatu wakaanza kuyaomba wayatie kwenye kunde zao. Bwana Athmani naye akija alilitazama debe tu, akaona bado liko juu ya ardhi, akapita. Mimi nilijua si kahawa. Nilikuwa nikiyasikia maneno ya Bwana Athmani kila nilipokwenda kisimani: mzizi ukigusa nchi. Nilijua umegusa. Nilijua kila siku unazidi kugusa, hata nikiwa chuoni nasoma, hata nikiwa nimelala. Mara moja nilijaribu kulisukuma tena, kwa siri, kwa mgongo na miguu. Ilikuwa sawa na kuisukuma nyumba. Sikujaribu tena. Na sikumwambia mtu, kwa sababu niliona nikisema siku ile tutabeba mlango siku ya saba yake.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Mwingereza. Bendera ilikuwa ikikaribia kubadilishwa na watu wa Pwani walikuwa na maneno mengi, wengine wakisema Mwambao utakaa peke yake, wengine wakisema utakwenda na bara. Shambani kwetu neno lililotufikia lilikuwa moja. Serikali mpya ikija, mwenye mti uliosimama ataandikwa penye mti wake. Nani alilisema kwanza, sijui. Lakini Bwana Athmani alilisikia, kwa kuwa sasa alikuja kila juma, na haji peke yake. Alikuja na watu wawili, mmoja na jembe, mmoja na panga, wakapita nyumba kwa nyumba. Miche ya miembe iliyoota yenyewe kwenye jaa iling'olewa. Mpapai wa mama mmoja mjane ulikatwa, na yeye akaapa kwamba mpapai si mti. Kilikuwa kiangazi kikali, kila kitu kimekauka na kuwa rangi ya vumbi, na ukisimama kwenye njia kuu kitu cha kijani ulichokiona kwanza ni Bi Manolia juu ya paa la jiko letu.

Memsahibu alikuwa amekwisha kwenda. Walionunua nyumba walitaka uwanja wa magari, wakaufyeka mti wake pamoja na bustani yote. Baba alirudi nyumbani na barua ya sifa, jozi ya viatu vya mzungu visivyomtosha, na hana kazi. Akawa anashinda uani. Hakuwa akifanya kitu. Alikuwa akiketi kwenye kigoda akitazama juu. Siku moja akaniita, akaninyanyua mabegani nione. Kwenye ncha ya juu kabisa kulikuwa na tumba, limesimama wima, ukubwa wa yai la kuku, limefunikwa ngozi yenye manyoya. Aliniuliza kama nimeliona. Nikasema nimeliona. Nilikuwa nimekaa mabegani mwa baba yangu na nilitaka kulia kwa hofu, naye akadhani ni furaha.

Walikuja Jumamosi, baada ya alasiri. Bwana Athmani alimsalimu Baba kwa heshima, akamuuliza hali, akamuuliza habari za kazi, kisha akainua uso akautazama mti. Kwa bakora hakuupima tena, ingeufika kiunoni tu. Majirani walikuwa wamekwisha kusogea, wamesimama kando ya wigo. Baba akasema yaleyale, kwamba ni ua la debeni, na siku yoyote Mwinyi akitaka atalichukua aende nalo.

"Basi lisogeze," akasema Bwana Athmani. "Hatua moja tu, niole kwa macho yangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu kumwona Baba akilishika lile debe. Aliinama, akalikumbatia kwa mikono miwili, akavuta. Halikwenda. Akapanga miguu, akavuta tena, na bati lililooza kwa kutu likapasuka likabaki mikononi mwake kipande kizima. Ndani hamkuwa na udongo tena. Mlikuwa na mizizi mitupu, imesokotana kama kamba za kitanda, na katikati mmoja mnene kuliko mkono wangu ulikuwa umetoboa chini ukaingia ardhini. Nilisikia kuku tu.

Bwana Athmani akamkumbusha kwamba aliapa. Baba akasema aliapa kwamba hajapanda, na hajapanda. Alikuwa ameshika kile kipande cha bati, kimemkata kiganja, damu inachuruzika, naye hana habari. "Nani basi?" akaulizwa. Nilimtazama nikingoja aseme jina langu, hakulisema. Nikaona mlango wetu ukibebwa kichwani. Nikamwona Rehema na taa yake ya chemni. Ndipo miguu yangu ikatoka yenyewe mbele ya watu wote.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa silizungushi. Nilikuwa nahamisha nukta."

Ilibidi niambiwe niseme tena, maana hawakuelewa. Nikaeleza Ijumaa, robo, chokaa ya Mama. Nikawaonyesha yale madoa manne kwenye bati lililobaki. Mtu mmoja kwenye wigo akacheka akanyamazishwa. Bwana Athmani alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Baba, akamuuliza kama alijua. Baba akasema hakujua. Akamwambia aape. Baba akanitazama mimi, kisha akaitazama ardhi, akasema, "Wallahi sikujua."

Bwana Athmani akasema jambo la mtoto si la mtu mzima, na Mwinyi hawezi kumtoa mtu kwa kosa la mtoto. Mti utakatwa, mzizi utachimbwa, nyumba itabaki. Lakini hakuwa amemaliza. Akasema mtoto akikosa na asifundwe, kesho watoto wa shamba zima watakuwa na bahati ya kukosa. "Mtie adabu hapa," akamwambia Baba, "watu waone."

Baba yangu hakuwa amenipiga maishani. Alichomoa ufito kwenye wigo wa jiko. Alinipiga fimbo tatu, za mgongoni, na hakupiga kwa kujifanya, kwa sababu Bwana Athmani alikuwa akitazama. Nililia kwa ile ya kwanza tu. Na nilipoinua uso nikaona jambo ambalo sikulielewa: Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na unga mikononi, hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akimtazama Baba, na sijawahi kumwona mtu akimtazama mwenzake vile.

Mti ulianguka kwa mapigo sita ya panga. Mzizi uliwachukua mpaka karibu na magharibi, nao wakaacha shimo ambalo ungeweza kumzika mtoto ndani yake. Mama aliliokota lile tumba kwenye vumbi, akalitia katika gilasi ya maji. Kesho yake adhuhuri lilifunguka, jeupe, pana, na nyumba nzima ikanuka limau. Jioni lilikuwa limeshageuka rangi ya kahawia pembeni. Baba hakuingia chumbani siku nzima. Mama hakutania tena habari za mke mwenzake, wala jina la Bi Manolia halikutajwa tena nyumbani kwetu. Miezi michache baadaye bendera ilipandishwa, tukapewa mandazi shuleni. Hakuna aliyeandikwa penye mti wake.

Nilikua na hatia hiyo. Niliamini nilimwulia baba yangu kitu pekee alichowahi kukitaka, na kwamba zile fimbo tatu zilikuwa haki yangu, tena chache. Nilimtii mpaka watu wakanisema. Mume wa kwanza niliyeletewa nilimkubali kwa sababu Baba alimtaka, na ndoa ile haikukaa miaka mitatu. Sitasema zaidi juu ya hilo.

Kisha nikahamia Kisauni, nikapanda asumini katika debe, nikasahau kulizungusha. Haikuchukua hata mwezi kabla sijajua. Maji niliyokuwa nikimwagilia, ambayo kila asubuhi yalitiririka kutoka chini ya debe yakalowesha saruji hadi mlangoni, yaliacha kutoka. Yalikuwa yanakwenda moja kwa moja kwenye ufa wa sakafu, kufuata mzizi. Nilisimama na kopo mkononi. Mimi, mama wa nyumbani nisiyejua lolote la bustani, nilijua ndani ya mwezi mmoja. Na Baba alikuwa akimwagilia lile debe kila jioni, kwa miaka, mtu aliyeishi miaka ishirini na mikono ndani ya udongo. Na madoa manne ya chokaa aliyaona kila jioni. Nikaketi palepale sakafuni.

Sikumwuliza mara moja. Nilimwuliza miaka mingi baadaye, Mama ameshafariki, naye yuko kwangu, hawezi tena kutembea, nikimkata kucha za miguu. Nilimwuliza kwa upole, kana kwamba naulizia bei ya samaki, kama alijua kwamba silizungushi. Nilidhani amelala.

"Nilijua tangu mwezi wa kwanza," akasema.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ningekwambia, ningelazimika kulizungusha mwenyewe." Alisema alitaka mti usimame, na alitaka asiwe ameupanda. Hakuna mtu mzima pale Likoni aliyeweza kumfanyia vyote viwili. Mtoto angeweza. Alijua nitachoka, au nitauonea huruma, akangoja.

"Na fimbo, Baba?"

Machozi yalimtoka, yakapita kwenye mikunjo ya uso hadi shingoni, naye hana nguvu ya kuyafuta. Aliniomba radhi. Nikamwambia nimemsamehe, maana ndivyo mtoto anavyomwambia mzazi aliyefika mwisho, nikamfuta uso, nikamalizia kucha za mguu wa pili. Alikufa kabla ya Ramadhani, na kwenye matanga watu walimsifu kwa ukweli wake. Lakini ninyi nawaambia kama ilivyo. Kiapo chake cha uongo ni kati yake na Mola wake. Mti nilimsamehe siku ileile aliponiomba radhi. Fimbo tatu nilikuwa nazo bado siku tulipomtia kaburini, na leo nimejaribu tena kuzisamehe, nimeshindwa.